Kisima cha Baba Kimeingia Chumvi

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
12 Februari 2026

Mpendwa ndugu yangu Imtiaz,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta u mzima, wewe na wifi yangu Heena pamoja na watoto. Vipi baridi ya huko mwaka huu? Vipi lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi? Na Aliakbar, bado anakataa samaki mpaka mamake amtolee miba, au ukubwa umeshamwingia? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi limetushika koo. Hata paka wa mtaa wamehamia kwenye vizingiti vya misikiti kutafuta sakafu ya baridi.

Mama hajambo. Presha yake inapanda na kushuka, lakini dawa anameza bila ya kubembelezwa, na nguvu za kunikosoa nikikata kitunguu vibaya bado anazo tele. Nalitanguliza hili ili usisome karatasi zote hizi moyo ukikwenda mbio. Hakuna aliyelazwa wala aliyefariki.

Najua utashangaa kutiwa barua mkononi zama hizi, na simu ninayo. Lakini nyumba yetu unaijua. Ukikohoa ghorofani, aliye ukumbini anakuuliza umekula nini. Kila simu ikilia Mama hutaka iwekwe sauti kubwa, na ujumbe wa sauti huusikiliza wa kwake na usio wake. Haya ninayotaka kukwambia sitaki yapite masikioni mwake. Basi nimempata Bwana Saifuddin, yule jirani yetu mwenye duka la misumari na mabomba, anakuja huko Leicester kumtazama bintiye aliyejifungua, naye amekubali kunibebea. Bahasha nimeitia gundi na tepu juu yake. Saifuddin ni mtu mwaminifu, lakini mkewe Hussaina akiona bahasha isiyoandikwa jina lake hukosa usingizi.

Imtiaz, mara ya mwisho tulipozungumza uliniuliza swali, nami nikanyamaza mpaka ukakata simu. Uliniuliza ni nani aliyesema bomba la ile mashine ya maji uliyotuletea limwagie pale lilipomwagia. Tangu siku hiyo hukupiga tena. Ijumaa zinakuja na kupita. Mama akishasali hukaa na simu mapajani mpaka alasiri, kisha huiweka juu ya meza na kusema kwamba pengine una kazi nyingi. Nimeliona hilo mpaka limenichosha roho. Ndiyo maana nimeshika kalamu, nikujibu swali lako, na baada ya hapo nina ombi.

Itabidi nianze nyuma kidogo, maana wewe uliuona mwanzo na mwisho tu.

Unakumbuka mlipokuja likizo mwaka juzi. Maji ya kisima chetu ni matamu lakini ni mazito, ndivyo yalivyo tangu Babu alipoinunua nyumba hii. Sisi tuliozaliwa nayo hatuyaoni uzito. Heena maskini alikosha nywele mara moja tu zikawa kama kamba ya katani, akasugua sabuni mpaka mkono ukachoka na povu halikutoka. Watoto wakajikuna. Ile hita ya bafuni ikaziba kabisa, na ulipoifungua ukakuta ukoko mweupe umejaa ndani kama chokaa ya ukutani. Nilikucheka siku hiyo, nikakwambia karibu nyumbani.

Lakini lililokukata maini halikuwa hita. Ni Mama. Ulimwona asubuhi akichemsha maji ya kunywa kwenye ile sufuria kubwa, akiyaacha yatulie mpaka chokaa ishuke chini, akiyachuja kwa kitambaa cha melimeli, kisha akiyatia kwenye mtungi wa udongo alioufukiza moshi wa mastaki upate harufu. Ulimwona ameinama na sufuria ya moto, mkono mmoja umeshika kiuno. Ukatoka jikoni bila kusema neno. Mimi nilikuona, na nilijua hutakaa bure ukirudi Ulaya.

Na hukukaa bure. Mashine ilipofika bandarini ikaletwa mlangoni kwa mkokoteni, Mama alitoka mpaka barazani na buibui lake. Mtaa mzima uliambiwa. Mwenye duka aliambiwa, mpita njia aliambiwa, hata dereva wa tuktuk aliyekuwa akipiga honi kwa kuwa tumemzibia njia aliambiwa: mwanangu kaniletea mashine ya kulainisha maji, hataki nichoke. Sijamwona na furaha ile tangu Baba alipofariki. Nakuandikia haya uyajue, kwa sababu yale uliyoyasikia baadaye kwenye simu yalikuwa ya Mama yule yule.

Sasa jibu la swali lako.

Siku ya kuifunga alikuja Oloo, fundi wetu wa siku zote anayeshughulikia pampu. Akayaweka yale mapipa mawili ya mashine chini ya ngazi, akaunganisha bomba la kisima, akasoma kile kitabu chake neno kwa neno. Akatueleza kwamba mashine inalainisha maji kwa kutumia chumvi, na kila baada ya muda inajiosha yenyewe kwa maji makali ya chumvi, na hayo maji ya kujioshea lazima yawe na pa kumwagwa. Akauliza yamwagwe wapi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatupa jicho kwenye karo la choo, maana ndilo lililokuwa karibu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, tasbihi mkononi.

"Hayo maji yana najisi?" akamwuliza.

"Hapana, Mama. Ni maji na chumvi tu."

"Munyu wa kula?"

"Ndiyo hiyo hiyo chumvi."

"Basi, baba, munyu ni neema ya Mngu. Siwezi kuumwaga chooni kisha nikenda kusali. Wewe waweza kumwaga wali chooni?"

Oloo akacheka, akasema hawezi. Mama akamnyoshea kidole kwenye shimo la udhu. Unalijua, lile alilolichimba Baba kando ya kisima na kulijenga kwa mawe, ili maji tuliyotawadhia yasichanganyike na maji machafu. Pale pale mlipo na mti wa asumini. Oloo akanitazama mimi. Nami, ndugu yangu, sikuona kosa lolote. Sote tumelelewa hivyo. Tonge likianguka tunaliokota na kuliweka juu ya ukuta wapate ndege. Karatasi ya mkate hatuikanyagi. Nilimwona Mama ana haki, tena nikaona ni adabu nzuri ambayo sisi wengine tumeanza kuisahau. Nikamwambia Oloo afuate anavyosema mwenye nyumba.

Basi ndiye huyo. Aliyesema bomba limwagie pale ni Mama, naye alisema kwa kumcha Mungu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, na ninasikitika kwamba hukupata kuyaona. Sabuni ikatoka povu mpaka likatushinda. Kanga zilizokuwa zimefifia zikapata uso. Birika lililokuwa likikaa na kipande cha dodoki ndani ili kikusanye chokaa, likawa jeupe likimetameta. Mama alinichekesha siku za kwanza, alikuwa akitawadha anasuuza mkono, anasuuza tena, anaona unateleza, anadhani sabuni haijatoka. Akaingiwa na wasiwasi kama udhu wake unafaa. Akampigia sheikh. Sheikh akamwambia maji laini ndivyo yalivyo, na udhu wake hauna ila. Mama akatulia, lakini nilimwona bado anaongeza kopo moja la siri.

Ile sufuria kubwa akaipandisha juu ya kabati. Mtungi wa udongo aliuacha. Alisema maji ya mashine ni laini lakini hayana harufu, basi akaendelea kuufukiza mastaki na kuyatia humo.

Cha kwanza kuonekana kilikuwa asumini. Majani yaliungua ncha, kana kwamba mtu amepitisha mshumaa. Tukasema ni jua. Mama akauongezea maji. Kisha mashine ikaanza kula chumvi kwa uroho, gunia tulilozoea kukaa nalo likawa halikai, nami nikadhani ni kawaida yake kadiri inavyozeeka. Wenye akili tungesimama hapo tukauliza. Sisi tuliagiza gunia jingine.

Kisha akaja Bi Mwanakuu. Unamkumbuka, wa nyumba ya pembeni, anayeuza chai na mahamri barazani kwake. Maji yake ya chai huyachota kwenye bomba la dirisha letu la mtaani tangu siku alizokuwa kijana. Alibisha hodi akiwa na birika mkononi, limefunuliwa.

"Khursheed, ndoo hapa uonje. Nimegombana na mteja wangu bure bilashi. Asema nimemtilia munyu kwenye chai, nami nikamwambia ulimi wake ndio mbovu. Kisha nikaonja mimi."

Alikuwa akicheka, lakini kicheko cha mtu anayekuonea haya. Nikaonja. Ilikuwa chumvi, wala si ya kukisia.

Nilipoondoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye shimo la udhu, nikafunua. Mawe yote yamepiga ukoko mweupe, na huu haukuwa chokaa, nilipitisha ulimi. Ardhi yetu hapa unaijua, ni jiwe la matumbawe lenye matundu kama mkate wa kumimina. Kila maji makali yaliyomwagwa pale yalikuwa yakichuja yakirudi kisimani, pampu inayavuta, mashine inayatia chumvi nyingine, yanamwagwa tena pale pale. Miezi yote hiyo tulikuwa tukikitia kisima chumvi kwa mikono yetu wenyewe. Nilikaa chini, Imtiaz. Nilikaa chini uani pale pale.

Wewe uliondoka ukiwa kijana, sijui umebakiwa na nini cha dirisha la maji. Baba alitoboa ukuta akatoa bomba upande wa mtaani ili kisima kiwe sabili, anywe mwenye kupita, ajaze mwenye kutaka, asiulizwe ni wa dini gani wala anatoka wapi. Mwezi wa Muharram akisimama mwenyewe na gilasi, akitia sharubati ya waridi, kofia imemtoka kwa jasho. Alipokuwa kwenye kitanda chake cha mwisho hakutuusia duka wala nyumba. Alisema dirisha lisifungwe. Na Mama amelishika neno hilo. Maji ya mfereji wa serikali yakikatika mji mzima, mtaa wetu hufika hapa. Wapagazi wa sokoni hunawa uso hapa. Kila anayekunywa, Mama husema huyo amempelekea Baba thawabu huko aliko. Hana shaka nalo, sawa na mtu anayejua kwamba posta itafika.

Siku ile Bi Mwanakuu alipokwisha kuondoka, Mama alikwenda akalifunga dirisha. Nilisikia komeo likiingia. Akarudi akaketi, akasema, "Leo marehemu amekatiwa." Akalia kwa sauti, Imtiaz, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

Kisha akaniuliza ni nini kilichoingia kisimani. Kabla sijafunua mdomo akajijibu mwenyewe kwa kuuliza, "Ni mashine?" Nami nikasema naam Mama, ni mashine. Sikutaja bomba. Sikutaja shimo. Nilimtazama alivyokuwa, macho yamemvimba, nikaona siwezi kumwambia kwamba ni kidole chake kilichoonyesha pale. Nilisema neno dogo tu, nikidhani litampoza usiku ule, na kesho nitatafuta njia.

Hakungoja kesho. Aliishika simu hapo hapo akakupigia wewe. Uliyoyasikia unayajua, sina haja ya kuyarudia, na najua Heena alikuwa kando yako akiyasikia. Kwamba hakuna aliyekuomba mashine. Kwamba umemkatia babako thawabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, na kila neno lilipotoka nilijua ni langu kulizuia, na sikulizuia. Ukaanza kusema kwa upole kwamba kitabu kimeandika jambo juu ya maji ya kujioshea. Mama hakungoja umalize, akanitupia simu kwa hasira akatoka; ukaniambia mimi kwamba yalipaswa kupelekwa mbali na kisima, basi lazima yamemwagwa karibu nacho, ukaniuliza nani aliyesema yamwagwe pale, na mimi nikakaa kimya. Ndugu yangu, kunyamaza kule ndiko kunakoniuma kuliko kisima.

Usidhani tumekaa tu. Oloo alirudi, bomba akalihamishia kwenye mtaro wa nje, na Mama tulimwambia ni kwa sababu mashine inazimwa. Na kweli imezimwa, imefunikwa shuka pale chini ya ngazi kama mgeni asiyetakiwa. Shimo tumelikomba, tukalisugua mawe na kuyasuuza kwa maji ya kununua. Kisima tunakivuta kila siku, pampu inanguruma mpaka majirani wamezoea, maji yanamwagwa baharini, na yale mapya yanayoingia nayaonja kila asubuhi. Siku nyingine nadhani yamepungua ukali. Siku nyingine naona najidanganya. Bwana Saifuddin, aliyeuza mabomba maisha yake yote, anasema tungoje masika, mvua ikipiga sawasawa itayasukuma. Oloo anasema hivyo hivyo, ila yeye anaongeza kwamba kuna visima vilivyorudi na vingine havikurudi.

Kwa sasa tunanunua maji kwa Ngala, mwenye mkokoteni wa mitungi ya plastiki. Mama ameishusha ile sufuria kubwa kutoka kabatini, anayachemsha ya Ngala japo hayana chokaa, anayachuja japo hayana kitu cha kuchuja. Nilimwambia hakuna haja. Akaniambia niende zangu. Bi Mwanakuu naye ananunua kwa Ngala, na hajatutamkia neno baya, ila asubuhi akipita dirishani huangalia upande mwingine. Hilo Mama analiona.

Sasa ombi langu, na najua ni zito.

Usimwambie. Ukikasirika, kama ulivyo na haki ya kukasirika, ulimi utakuwasha umwambie kwamba ni wewe Mama, na utakuwa umesema kweli tupu. Nakuomba uimeze. Wewe una nguvu, una mke anayekujua na watoto watakaokucheka wakikuona umenuna. Yeye ana Baba tu, na hicho kisima ndicho alichokuwa akimtumia. Akijua kwamba mkono wake ndio uliomkatia, sijui atasali vipi akasimama. Wewe ukilaumiwa, utalaumiwa na mtu anayekupenda, na lawama hiyo itachakaa. Najua si haki. Wewe ndiye uliyemhurumia, ukatoa, na mzigo ukakuangukia wewe. Mimi niliye karibu, ninayekula naye sahani moja, nimekaa kando nikiwa safi. Ingekuwa rahisi nijitwike mimi, ningejitwika. Nilijaribu, nikamwambia Mama kwamba huenda mimi sikuisimamia mashine vizuri, akasema niache kukutetea, siku zote nimekulea vibaya.

Hata kama utaona sina haki ya kukuomba jambo hili, basi angalau usiache kupiga simu. Anaweza kuvumilia kukukasirikia. Hawezi kuvumilia usipige.

Heena mwambie ninamwomba radhi kwa aliyoyasikia. Mwambie zile chupa za mafuta ya nywele alizoniletea bado ninazo, na bado ninazitumia kwa uchoyo. Aliakbar na dadake wapige busu kila mmoja kwa niaba yangu. Bi Mwanakuu anakusalimu, anasema uliondoka na deni la mahamri ya utotoni, usijifanye umesahau. Oloo anakusalimu pia, na ameona haya kuliko sisi sote, mwambie chochote cha kumtuliza siku mtakayoonana. Hussaina, mke wa Saifuddin, anakusalimu na bila shaka atataka kujua umejibu nini.

Nilikuwa nimefika hapo, nimebakisha jina langu tu, nikasikia kitu kikiburuzwa uani. Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa ameinama penye shimo la udhu, ameshakisukuma kifuniko. Akapitisha kidole kwenye mawe, chini kabisa, kwenye ufa ambao sisi hatukuufikia tulipokuwa tukisugua. Akakitia mdomoni. Akabaki vile vile, ameinama, kidole mdomoni, akilitazama bomba lilipokuwa limekatwa, akikitazama kisima. 

Kisha akanawa mkono, akaja akasimama hapa mlangoni mwa chumba changu. Sikuwahi hata kuzificha karatasi.

"Wamwandikia Imtiaz?"

Nikasema naam.

"Ramadhani i karibu," akasema. "Watu huombana radhi. Mwandikie kwamba la mashine nimemsamehe."

Nikasema nitaandika. Nikadhani amemaliza. Akashika fremu ya mlango.

"Kisha mwandikie na yeye anisamehe mimi."

Nikamwuliza, la nini, Mama?

"Wewe andika. Akikuuliza, mwambie ni desturi ya mwezi."

Akaondoka. Ninamsikia sasa jikoni, amewasha jiko, anachemsha maji.

Basi nimeandika kama nilivyotumwa. Ombi nililokuandikia huko juu sikulifuta, lakini sijui tena ni nani kati yetu anayemficha mwenzake. Ijumaa ya kwanza baada ya kuipata barua hii mpigie, Imtiaz, akishamaliza kusali. Msamaha wake upokee, japo hukukosa. Na huo anaoutaka kwako mpe, mwambie nimekusamehe Mama, wala usimwulize la nini.

Mungu akuhifadhi huko ugenini, akulindie wanao na akufikishe Ramadhani ukiwa mzima wa mwili na wa moyo.

Dadako anayekutaja katika kila dua,

Khursheed